Siku Jeshi la Mzee Luhende Lilipokaribia Kuzikwa

Ninyi vijana mnaokutana Jumamosi kwenye ukumbi wa nyuma ya soko, na ninyi wa Kaliua mnaonitumia sauti kwenye simu ya mkwe wangu mkiuliza "Bibi, askari wetu lini?", kaeni chini niwajibu wote kwa pamoja. Mmoja mmoja sitaweza. Sauti zenu zinajaza simu ya watu, na wengine mnaanza kudai kabla hamjasalimia. Shikamoo kwanza, shida baadaye. Askari hawana miguu ya kukimbia.

Mimi ndiye Bibi Kalunde. Kazi yangu ilikuwa kusubu vitu vidogo, yaani kuyeyusha madini na kuyamimina kwenye kalibu mpaka yatoke na umbo la mtu, punda, mbuzi au furushi la nguo, vyote vya kukaa kwenye kiganja. Nilikuwa mfinyanzi wa vyungu Kwihara kabla ya hapo, na shule yangu iliishia darasa la nne. Kazi nimeiacha juzijuzi tu, macho yalipoanza kunionyesha askari wawili palipo na mmoja.

Kwa aliyeokota karatasi hii na hajui tunazungumza nini: kuna mchezo wa vita vya mezani, hapa Tabora tunauita Meza. Unatandaza mchanga juu ya meza kubwa, unaweka vilima vya udongo na vijiti vya kuwa msitu. Upande mmoja kuna msafara unaotoka Tabora kuelekea ziwani, una wapagazi, walinzi na punda. Upande wa pili kuna rugaruga, wapiganaji wa mtemi, wanataka ushuru wa kupita. Kila mtu anasogeza watu wake kwa kupima na kijiti, na dadu ndiyo inasema nani kapigwa, nani kapona. Msafara ukiishiwa chakula unasimama. Ukiishiwa nguo za kulipia njia unasimama. Nimeona watu wazima wameinamisha vichwa juu ya meza hiyo kwa sababu wameishiwa unga ambao haupo.

Siku hizi mna askari wa plastiki kutoka ng'ambo, wengine wana mabawa, wengine wana masikio kama popo. Sina neno nao. Neno langu ni pale mnapolia. Mara mzigo uko bandarini, mara duka la Dar limefunga, mara bei imepanda, mara ile mashine ya kuchapa sanamu ipo lakini uzi wake umekwisha. Mnanisimulia kama ni habari mpya. Wanangu, katika kazi hii sijawahi kuona siku ambayo kila kitu kilikuwepo. Kikipatikana bati, nta hakuna. Ikipatikana nta, mvua inanyesha na kalibu hazikauki. Meza haikusimama hata hivyo.

Aliyenifundisha ni Mzee Luhende. Alikuwa fundi wa kusubu katika karakana ya reli, mtu mrefu, wa kanisa la Moravian, hacheki ovyo. Bruda mmoja wa misheni alipokuwa anarudi kwao alimwachia sanduku la askari wa bati na kumwonyesha namna ya kucheza. Askari wale walikuwa wa Kizungu, wamevaa kofia za manyoya, na nusu yao hawana miguu. Luhende alingoja wengine waje kutoka huko walikotengenezwa. Hawakuja. Basi akachukua mpingo na kisu, akachonga wa kwetu. Alichonga mpagazi aliyeinama na pembe ya ndovu begani, rugaruga mwenye manyoya kichwani, mama mwenye mtoto mgongoni na chungu kichwani, maana misafara ilikuwa na wanawake, msidanganyike. Hivyo vya mpingo ndivyo tunaita vielelezo. Kielelezo hakichezewi. Unakikandamiza kwenye udongo upate kalibu, kisha unakirudisha mahali pake.

Alikuja kwangu kununua chungu. Wateja wote hutazama mdomo wa chungu. Yeye alikipindua akatazama kitako, akapitisha kidole.

"Udongo huu unauchekecha kwa kitu gani?"

"Kwa kanga kuukuu."

"Kanga ya pamba?"

"Baba, unanunua chungu au unanunua kanga?"

Alinunua chungu, na kesho yake alirudi na kielelezo kimoja kwenye mfuko wa koti. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe, maana hamtaipata kwenye simu. Udongo wa kalibu uchukue kwenye kichuguu, mchwa wamekwisha kuusaga kuliko wewe utakavyoweza. Uchekeche, uukande, ulaze. Kandamiza kielelezo upande mmoja, paka majivu, kandamiza upande wa pili, tenganisha, choma. Hiyo ndiyo kalibu ya nta. Kabla ya kumimina nta, ichovye kalibu kwenye maji inywe ishibe, la sivyo nta itang'ang'ania na utabaki unachokoa kwa sindano mpaka ulie. Nta ikitoka ina umbo la mtu, bado ni laini, hapo ndipo unapokunja goti, unageuza shingo, unamfanya huyu mvivu na yule mwenye haraka. Ndiyo maana wapagazi wetu hawafanani. Kisha unamfunika kwa udongo mwepesi uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, unaacha tundu, unakausha kivulini, unachoma. Nta inatoka kwenye tundu, unaikinga kwa kopo uitumie tena, na pale ilipokuwa nta unamimina bati.

Na kalibu ikauke! Kalibu mbichi ikikutana na bati la moto inatema kama bunduki. Luhende alikuwa na kovu shavuni, na kila mwanafunzi mpya alikuwa anaambiwa aliguse kabla hajagusa kitu kingine. Betri za gari msiyeyushe. Mtu akiwaambia risasi ya betri ni rahisi kupatikana, mwambieni hata kaburi ni rahisi kupatikana. Sisi tulitumia bati la kulehemu na madini ya beringi chakavu kutoka karakana, nje, upepo ukiwa mgongoni, na hakuna aliyeshika chakula bila kunawa kwa sabuni.

Nilikosea mengi, na mengine yalichekesha. Mwanzoni nilinunua nta kwa mrina asali wa Kigwa, nta nzuri ya njano, nikaona nisipoteze muda kuichemsha na kuichuja. Nikatengeneza msafara mzima, nikaupanga dirishani upoe. Asubuhi naamka, nyumba inavuma. Nyuki wamekuja kufuata asali yao. Kila mpagazi amevaa koti la nyuki. Mume wangu, Mungu amrehemu, alitoka mbio na shuka, jirani akadhani tumegombana. Luhende alipokuja alisimama mbali akasema, "Kalunde, huo ndio msafara wa kwanza kuvamiwa kabla haujaondoka Tabora." Tangu hapo nta naichemsha na maji, naichuja, naichemsha tena.

Kisha kikaja kipindi ambacho bati halikupatikana kabisa. Karakana ikawa haitoi tena chakavu, madukani bati la kulehemu lilikuwa la kipande kidogo kama ukucha. Na kulikuwa na mchezo mkubwa, wachezaji wa Nzega wamekwisha kupanda gari. Nikasema basi, tupake rangi nta yenyewe, tucheze na askari wa nta. Luhende alikubali kwa shingo upande. Tulisahau kitu kimoja ambacho mtoto yeyote wa Tabora anakijua, kwamba ulikuwa mwezi wa kumi. Jua la mwezi wa kumi na bati la paa vilikutana juu ya ile meza. Saa saba mchana wapagazi wakaanza kuinama, tukadhani ni macho yetu. Saa nane jeshi zima la rugaruga lilikuwa limepiga magoti, mikuki imelala.

Mmoja wa wale wa Nzega akaruka. "Wamesalimu amri! Tazameni wenyewe, wamesalimu amri!"

"Wamesinzia," Luhende akasema. "Endelea kucheza."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe wakakubaliana kwamba jeshi lililopiga magoti haliwezi kukimbia lakini linaweza kuuma, na kanuni hiyo bado mnaicheza leo, sijui kama mnajua ilikotoka.

Baada ya aibu hiyo nikarudi kwenye nilichozaliwa nacho. Nilifinyanga askari wa udongo, nikawachoma tanuri moja na vyungu. Mikuki ya udongo inavunjika ukiitazama, kwa hiyo mikuki nikaifanya ya njiti za fagio. Wake za watu walilalamika mafagio yanapungua. Lakini mchezo ulikwenda. Bati liliporudi, wengine waligoma kuwaacha wale wa udongo, wakasema wana uzito wa haki mkononi.

Mnaniuliza mchezo huu una nini, na michezo iko tele kwenye simu. Mimi sikuwahi kuucheza hata mara moja, nasema nilichokiona nikiwa nimekaa pembeni napaka rangi. Kwenye simu ukishindwa unazima. Mezani ukishindwa unabaki palepale, mtu aliyekushinda anakumiminia chai na kukusogezea matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na mnaanza kuzungumza ulikosea wapi. Umemtengeneza askari kwa siku kadhaa, umempa jina, halafu unamtuma mbele kwa mkono wako mwenyewe. Mtu anafikiri hapo. Nimewaona ndugu wawili waliokuwa hawasemeshani kwa ajili ya shamba, wanakuja Meza kwa sababu pale lazima mtu aseme "zamu yako". Walianza na neno hilo moja.

Pembeni nilikuwa na mwenzangu, Bi Kondo. Huyu ni Mzaramo, aliletwa Tabora na mumewe wa reli, mume akafa, yeye akabaki. Aliuza vitumbua na chai kwa wachezaji. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanashuka pwani na meno ya tembo mabegani. Mtani anakutukana na hukasiriki. Anachukua chako, unakomboa. Msiba ukitokea, kazi yake inazidi: anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anazuia maziko mpaka ndugu wamlipe, watu wacheke kidogo ndipo waweze kulia. Hata Mkristo, hata Mwislamu, desturi hiyo hapa haijakatazwa, na wachungaji wengi wameizoea.

Bi Kondo hakunipa nafasi ya kupumua hata siku moja. "Mpagazi wangu," ananiita mbele ya watu, "umekula?"

"Nimekula, we mla papa."

"Basi jiandae, kesho tunasafiri."

Sasa nifike kwenye hilo lililoniweka roho juu.

Vielelezo vyote vilikuwa kwenye sanduku moja la mninga, uvunguni mwa kitanda cha Mzee Luhende, Kwihara. Sharti lake lilikuwa hakuna kielelezo kinacholala nje. Unachukua, unakandamiza, unarudisha kabla ya jioni. Alipougua, kalibu zangu za zamani zilikuwa zimechakaa zote, nyufa kila mahali, na sikutaka kumsumbua mgonjwa nikimtambalia chini ya kitanda. Nikasema akipata nafuu. Hakupata.

Mtajiuliza, kwa nini usikandamize kalibu kutoka kwa askari wa bati waliokwisha tengenezwa? Jaribuni. Kila uzao unapungua. Wa kwanza ana pua nzima, mtoto wake ana nusu pua, mjukuu wake hana pua na mkuki wake ni kijiti cha kibiriti. Na kuchonga vingine? Tulimpa fundi wa vinyago mpingo, akatuletea watu wazuri sana, wote wana sura moja ya kuuzwa kwa watalii. Mkono wa Luhende ulikuwa wake. Kwa hiyo nilipokuwa natembea kwenda msibani nilikuwa na huzuni, ndiyo, nilikuwa nazika mwalimu wangu. Lakini nilikuwa pia nawaza sanduku. Likipotea lile, Meza ya Tabora inabaki kungoja bandari kama ninyi.

Nilimkuta mjane, Mama Neema, amekaa mkekani na wenzake, macho makavu. Alikuwa hajalia tangu jana yake. Nikampa mkono, nikakaa. Siku ya maziko huwezi kumuuliza mtu habari za sanduku. Nikamtuma mwanangu Pius achungulie chumbani kwa heshima. Alirudi na uso ambao mama anaujua.

"Halipo, mama. Chumba kimeondolewa vitu vyote, wamemlaza marehemu humo."

Sikupata hata nafasi ya kusogea. Mlango wa uani ulifunguka, akatoka Mzee Luhende. Koti lake la reli, kofia yake, mikono nyuma, hatua ndefu ndefu, anatazama kitako cha kila chungu anachopita. Watu wakaguna, kisha mmoja akacheka. Yule mwenye koti alikuwa Bi Kondo. Na kwapani ana sanduku la mninga.

"Bi Kondo, weka hicho chini," nikasema.

"Bi Kondo nani? Mimi Luhende. Huoni kofia?"

"Leo si siku yake."

Akanisogelea, akasema kwa sauti ndogo, "Leo ndiyo yenyewe. Kesho nitamtania nani?"

Akaniacha pale. Maiti ilipotolewa na watu wakaelekea kaburini, yeye alikuwa ametangulia, ameketi ukingoni, miguu inaning'inia shimoni, sanduku mapajani.

"Luhende haendi peke yake," akatangaza. "Bwana huyu ana jeshi. Huko anakokwenda nani atamlinda? Nalitelezesha hivi, linaingia, basi."

Akalisogeza mpaka nusu ya sanduku ikawa hewani. Ninyi hamjui, lakini kwetu kilichoingia kaburini hakitolewi. Hakuna mzee ambaye angekubali mtu ashuke kukichukua.

Mchungaji akafunga kitabu chake. "Huyo mtani wenu, malizaneni naye," akasema, na akageuka kutazama miti, mabega yanamtikisika.

Ndugu wa marehemu wakaleta kuku.

"Kuku huyu? Ametembea kwa miguu kutoka Nzega. Mrudisheni, amechoka."

Wakaleta kanga mpya. Akaipima kwa mkono. "Fupi. Hii ya Mnyamwezi, ya kufungia michembe, viazi vyenu vikavu."

Wakaleta sukari. Akasema meno hana. Pius akakunja ngumi, akapiga hatua. Nikamshika shati. Ukimgusa mtani kwa hasira umeharibu msiba, na aibu hiyo ingemwangukia Mama Neema, siyo sisi. Ilibidi nimeze mate nimuulize mwenyewe.

"Unataka nini, Bi Kondo?"

"Nataka mpagazi."

"Mpagazi gani?"

"Babu zako walibeba mizigo ya babu zangu kutoka pwani mpaka hapa, bila kulalamika."

"Walilalamika sana, hamkujua lugha tu."

Hapo watu walicheka kweli. Yeye hakucheka. "Mimi nimekaa Tabora mpaka nimezeeka, sijabebewa hata ndoo. Nataka mzigo wangu ubebwe kutoka hapa mpaka barabarani, urudishwe hapa. Na ubebe wewe. Siyo mwanao, siyo mkweo. Wewe, Kalunde, unayepita sokoni kama umemeza mwiko."

Mimi si mtu wa michezo hadharani. Waliokuwepo wote wananijua hivyo, na kila mmoja alikuwa anangoja aone. Nikatazama sanduku limening'inia. Nikakaza kanga kiunoni.

"Mzigo uko wapi?"

Akaonyesha kapu kubwa la ukindu, limefunikwa na kushonwa juu kwa uzi wa gunia. Nikalinyanyua. Shingo ikaingia mabegani.

"Umetia nini humu, mawe?"

"Tangu lini mpagazi akauliza? Tembea!"

Nikatembea. Goti langu la kushoto lina maneno yake, nikaliacha liseme. Mzee mmoja akachukua debe akaanza kupiga, wanawake wakapiga vigelegele, vijana wakanifuata nyuma wakijifanya punda. Nilikuwa na hasira na kapu lile. Nilipofika barabarani palikuwa na mtaro, na nawaambia kweli, nilitamani kulibwaga humo, nirudi mikono mitupu, niseme mzigo umevamiwa na rugaruga. Kilichonizuia ni sanduku tu. Nikageuka. Na niliporudi karibu, nikasikia sauti ambayo sikuitegemea. Mama Neema alikuwa anacheka, ameshikwa na wenzake huku na huku, anacheka huku machozi yanamwagika, hatimaye anamlilia mumewe.

Nikafika, nikalishusha kapu kwa kishindo.

"Taratibu wewe!" Bi Kondo akapiga kelele. "Taratibu!"

Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kumsikia akisema jambo bila utani, nikashangaa. Lakini alikuwa amekwisha kuninyooshea sanduku. Nikalinyakua, nikapiga magoti, nikafungua kifuniko.

Magunzi. Magunzi ya mahindi, yamepangwa vizuri, yamejaa pomoni.

Nikaingiza mkono mpaka chini, magunzi tu. Debe likanyamaza. "Viko wapi?" nikauliza.

"Nini?"

"Bi Kondo, nakuomba. Vielelezo viko wapi?"

Akainuka kutoka ukingoni, akajikung'uta udongo, akavua kofia ya marehemu. "Umevibeba mwenyewe, mpagazi wangu. Mpaka barabarani na kurudi."

Pius akakata uzi wa kapu. Juu pumba, ndani ya pumba vitambaa vya kanga kuukuu, na ndani ya kila kitambaa kielelezo. Mpagazi na pembe yake. Mama na chungu chake. Rugaruga wote, hakuna aliyevunjika mkuki. Chini kabisa kulikuwa na jiwe la kusagia, hilo aliliweka kwa ajili ya shingo yangu tu.

Kumbe alfajiri, walipokuwa wanaondoa vitu chumbani ili marehemu apate nafasi, sanduku liliwekwa uani karibu na mafiga. Mmoja wa wanawake wa jikoni, mgeni asiyejua, aliona vijiti vyeusi vikavu, na maji ya watu yalikuwa hayachemki. "Nimemkuta amemshika mtemi wa mpingo kiunoni," Bi Kondo akaniambia, "anampeleka motoni. Ningesema niwakabidhi ndugu, ndugu wenyewe siku hiyo hawakumbuki hata walipoacha viatu. Nikasema vitoke hapa kwenye kichwa cha mtu ambaye hatavitua."

"Na karibu nivibwage mtaroni!"

"Wewe? Usingebwaga. Wanyamwezi mna kasoro nyingi, lakini mzigo hambwagi."

Nilikaa chini pale pale kwenye udongo nikacheka mpaka mbavu zikauma, mimi niliyemeza mwiko. Hewa iliyonitoka kifuani nadhani nilikuwa nimeishikilia tangu Luhende alipougua. Lile sanduku la magunzi tulimwachia Luhende aende nalo kaburini. Mchungaji alisema magunzi hayana ubaya wowote, akafungua kitabu chake, tukamzika mzee wetu kwa heshima zote.

Kwa hiyo, ninyi wa Jumamosi na wa Kaliua, tulieni. Vielelezo vipo. Mkwe wangu Anna ndiye anayesubu sasa, na mkono wake ni mwepesi kuliko wangu ulivyokuwa, nasema hivyo mara moja tu. Kalibu mpya zimekwisha kukandamizwa, zinangoja mvua zikatike zikauke sawasawa. Bati ni haba, kama siku zote. Leteni beringi chakavu, leteni vipande vya kulehemu, leteni hata askari wenu waliovunjika tuwayeyushe wazaliwe upya. Betri nikiiona mlangoni, aliyeileta ataondoka nayo bila maji ya kunywa. Na mnaongoja mzigo wa bandarini, ngojeni mkiwa mnacheza. Udongo upo, mafagio yapo.

Jioni ile ya maziko tulipofika nyumbani, kabla sijanawa miguu, niliwaita wote sebuleni, nikawaambia wasimame, maana nilikuwa natoa amri, sikuwa nazungumza.

"Anna, vielelezo havitalala tena mahali pamoja. Gawa leo hii. Vya msafara vibaki hapa, vya rugaruga vipelekwe kwa Bi Kondo, na umsalimie kabla hajakusalimia. Na wewe Pius, siku yangu ikifika na mtani akataka mzigo ubebwe, utabeba wewe, hutauliza kilichomo, na utautua taratibu."